Kibati Namba Saba

Mama Kahawa alikuwa amefika nusu ya ungo wa maharage, mawe huku, punje kule, gari la wapiga mbizi liliposimama mbele ya dirisha la jikoni analouzia kahawa. Chini ya dirisha hilo kulikuwa na benchi, na benchi lilikuwa na wenyewe: Nahodha, fundi redio asiyewahi kupanda hata mtumbwi, Mwalimu, mstaafu wa jiografia, na Kinyozi, ambaye kiti chake cha kazi kilikuwa kitupu tangu asubuhi. Walikuwa wakibishana ni meli gani iliyozama inayopendwa zaidi na wageni wanaoshuka na mitungi ya hewa mgongoni. Aliyewaongoza wageni hao kila siku ni binti mkubwa wa Mama Kahawa, lakini hakuna aliyewahi kumwuliza.

— Ya saruji, alisema Mwalimu. Mifuko imeganda kama ngazi. Mgeni anashuka wima, kama anakwenda sokoni.

— Nani apande ndege aje kuona saruji? Nahodha akadakia. Ya baiskeli ndiyo yenyewe. Baiskeli mia tatu, na kengele zake. Mkondo ukipita, zinalia.

— Zinalia chini ya maji?

— Wewe umeshuka ukazikosa?

Dereva wa gari alipokea kikombe, akakipuliza.

— Kwenye hiyo ya baiskeli ndiko walikokwenda leo, na mambo si mazuri. Kila anayeshuka anachukua kibati chake ubaoni, akipanda anakirudisha. Kimoja hakijarudi. Nimepigiwa simu sasa hivi, bado wanatafuta.

— Namba ngapi? Mama Kahawa aliuliza.

— Saba.

Saba ilikuwa ya binti yake. Akaendelea kuchambua bila kutazama; benchi lile lingejua, lingemzika mtoto kabla kahawa haijapoa.

— Huyo kachukuliwa na chewa, alisema Kinyozi. Kuna chewa anakaa chumba cha kapteni, samaki mkubwa kama kabati. Ukiingia, anafunga mlango kwa mkia.

— Mlango wa meli unafungukia nje, alisema Mwalimu.

— Basi anauvuta.

— Hapana. Humo ndani saa hazitembei. Aliyeshuka anaona dakika kumi, huku juu siku imekwisha. Atatoka kesho anadai chai ya asubuhi.

— Mnapoteza muda, alisema Nahodha. Mtu amepanda baiskeli, yuko njiani.

Mama Kahawa aliweka ungo chini.

— Mtungi mmoja una hewa ya muda gani?

Mwalimu alikohoa. Dereva alisema yeye kazi yake ni barabara tu.

— Basi washa gari, alimwambia, akiwa ameshajifunga mtandio.

Ndipo binti akatokea uchochoroni, nywele mbichi, mkate kwapani.

— Shikamooni. Mbona mmenuna?

— Mpiga mbizi kapotea, alisema Kinyozi. Chewa kamfungia.

— Masikini. Jina lake nani?

Nahodha alichungulia kikombe chake kama jina limeandikwa humo.

— Hawajui jina, alisema mama yake. Wanajua namba. Tia mkono mfukoni.

Binti alitia mkono, akatoa kibati namba saba. Alikuwa amerudi mapema kwa boti ndogo, bila kuaga, na mgeni aliyekuwa akitapika, na ubao hakuukumbuka.

— Mpigie bosi wako. Mwambie umejipata.

Alipiga, akatukanwa vizuri, akamkabidhi dereva kibati akirudishe.

— Lakini chewa yupo, alisema Kinyozi kinyonge.

— Yupo, alisema binti. Mlango ndio haupo. Na baiskeli hazipo, ni vyerehani.

— Kahawa imekwisha, alisema Mama Kahawa, akafunga dirisha.

Jioni alipakua maharage, na hakuna aliyethubutu kulalamikia mawe. Kabla ya kukaa alizunguka meza, akimgusa kila mmoja begani: mume, wadogo wawili, na mkubwa, ambaye bega lake alilibana kidogo.

— Wanne. Wote wapo.

— Watano, alisema binti, mdomo umejaa. Umejisahau, mama.

Baba alicheka peke yake kwa muda mrefu. Mama Kahawa akavuta kiti, akakaa, akajipakulia.