Dakika Mbili na Sekunde Arobaini za Cornell Bettis

Ndugu na jamaa wa marehemu, majirani wa Vesterbro, nanyi wanamuziki mliosimama nyuma na ala zenu kwa sababu viti vimejaa: haya ndiyo maisha ya Cornell Amos Bettis, tunayemzika leo Jumamosi, tarehe 11 Februari 1978, hapa Copenhagen. Yameandikwa na mjane wake, Inger. Anayeyasoma ni kaka yake Inger, Preben Lauridsen, ambaye ameomba mwenyewe ayasome.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 6 Machi 1921, mjini Helena, jimbo la Arkansas, Marekani. Alikuwa mtoto wa pili wa Amos Bettis, mfanyakazi wa kinu cha mafuta ya pamba, na mkewe Ardella, aliyefua nguo za watu. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo hakulia alipozaliwa. Mkunga alimpiga kofi mara tatu, ndipo akavuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaitoa bila sauti. Mkunga akamfunika akasema, "Huyu atakuwa mtu wa kuweka mambo moyoni."

Alisoma katika shule ya watoto weusi ya Helena hadi darasa la nane, akaacha mwaka 1935 baba yake alipofariki. Shule yake ya pili ilikuwa kinyozini. Bwana Purvis Lyle, kinyozi na kiongozi wa bendi ya kanisa, ndiye aliyempa saksofoni ya kwanza, kuukuu, iliyofungwa kwa uzi na mpira. Bwana Lyle alikuwa na sharti moja. Kabla ya kupuliza wimbo wowote, mwanafunzi akae kwenye kiti cha kunyolea, atamke maneno ya wimbo huo kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, kama anayezungumza na mtu. Siku moja Cornell alisahau ubeti wa pili. Bwana Lyle akachomoa kile kipande cha mwanzi kinachotoa sauti mdomoni mwa ala, akakitia mfukoni, akakaa nacho wiki nzima. "Hujui unachosema," alimwambia, "sasa unapuliza nini?"

Sharti hilo Cornell alilishika mpaka mwisho. Kila mwanamuziki aliyewahi kufanya naye kazi analijua. Alikuwa akifumba macho, akiyasema maneno ya wimbo polepole, kisha akivuta pumzi na kuanza.

Alipiga katika bendi ya jeshi kuanzia 1943 hadi 1945, kisha kumbi za St. Louis, kisha New York. Mwaka 1953 alimwoa Verlene Tuggle, na tarehe 19 Agosti 1955 akazaliwa binti yao, Odessa. Oktoba 1962 alikuja Ulaya na bendi kwa ziara ya wiki tatu. Odessa alikuwa na miaka saba. Alimsindikiza baba yake hadi kituo cha mabasi, akamuuliza atarudi lini, naye akamjibu atarudi kabla ya Krismasi.

Hakurudi. Hakukuwa na sababu kubwa, na mwenyewe hakuwahi kuitafuta. Bendi iliporudi, alipata kazi ya wiki moja hapa, kisha wiki nyingine. Alizoea kuingia mkahawani kupitia mlango wa mbele, ambao kwao Arkansas mtu mweusi alikatazwa. Krismasi ikapita, kisha ya pili, na aibu ikawa nzito kuliko nauli. Verlene, ambaye walikuwa wameshapeana talaka, alifariki mwaka 1969, na Odessa akalelewa na shangazi yake Ruthene. Cornell alianza kumwandikia barua mara nyingi. Inger amehifadhi karatasi arobaini na moja. Zote zinaanza, "Mwanangu Odessa," na hakuna hata moja iliyopita mstari wa tatu. Zinasema mvua inanyesha. Zinasema leo kuna baridi. Alikuwa akimwambia Inger kwamba akishika kalamu anaanza kudanganya, na hataki kumdanganya mtoto mara ya pili.

Inger alikutana naye kwenye duka la mikate ambako yeye Inger alikuwa akiuza, Februari 1964. Cornell alikuwa hajui Kidenishi. Alisimama mbele ya kioo akanyoosha kidole kwenye mkate mweusi.

"Hapa hatuuzi kwa kidole, bwana," Inger akamwambia kwa Kiingereza chake cha shule. "Sema jina lake."

"Nikijua jina lake utanipa?"

"Nitakuuzia. Kupewa ni habari nyingine."

Alirudi kila siku kwa wiki tatu kujifunza jina la mkate mmoja, na watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni ndio walioanza kumsahihisha matamshi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Mei 1966. Hawakujaliwa mtoto. Pale mezani kwao kulikuwa na kiti cha tatu ambacho Cornell hakutaka kiondolewe, na Inger hakuwahi kumuuliza ni cha nani.

Kazi yake kubwa aliifanya hapa, katika miaka kumi na miwili ya mwisho. Juu ya duka hilo la mikate, Preben alikuwa na chumba cha kurekodi na kampuni ndogo aliyoiita Kvist. Humo Cornell alirekodi santuri kumi na tatu. Waliomjua New York walisema amechoka. Zamani alikuwa akipiga haraka, sauti zinamwagika kama mtama gunia likipasuka. Huku aliachia sauti moja, akasubiri, akaachia nyingine. Mogens, mpiga besi wetu, ambaye yupo pale nyuma, alimtania siku moja: "Mzee, ukiendelea na mwendo huu nitalala nikiwa nimelikumbatia hili besi."

"Lala," Cornell akamjibu. "Ukiamka utanikuta palepale."

Lakini santuri hizo ndizo zilizobaki, na wanaozisikiliza leo, hata wale waliomcheka, wanajua kwamba kila wimbo unafika taratibu kama mtu anayepanda ngazi na habari mbaya. Yeye mwenyewe hakuwahi kuzisikiliza. Ukimwekea santuri yake alitoka chumbani. Alisema aliyoyasema ameshayasema.

Kwa hiyo hakujua jambo moja. Katika chumba kile, Preben alikuwa na utaratibu wake. Kila baada ya kurekodi alikaa na wembe, akakata kipande cha kanda chenye maneno yale ya Bwana Lyle, akaunganisha mwanzo mpya kwa gundi, ili wimbo uanzie kwenye pumzi. Alijivunia kazi hiyo. Pumzi aliiacha daima, kwa sababu aliona inapendeza. Vipande vya maneno vilikwenda kwenye pipa chini ya meza, na pipa lilichukuliwa kila Ijumaa. Santuri kumi na tatu, nyimbo zaidi ya mia, na maneno yote yalikwenda na takataka. Hakuna aliyeulizwa wala aliyekataza. Ndivyo kazi ilivyofanywa.

Machi 1977 sauti ya marehemu ilianza kukwaruza. Madaktari walikuta saratani ya koo. Wakasema atatolewa zoloto lote, kile kisanduku cha sauti kooni, na baada ya hapo hatazungumza wala kupuliza. Upasuaji ukapangwa Jumatatu, tarehe 16 Mei. Yeye akaomba siku moja ya kurekodi kabla ya hapo, wakampa Jumanne tarehe 10.

Walirekodi nyimbo tano. Kabla ya wa mwisho, ule wa taratibu aliofundishwa na Bwana Lyle, aliwaambia Mogens na wenzake washuke wakanywe kahawa, huo ataupiga peke yake. Akabaki na kipaza sauti. Preben alikuwa nyuma ya kioo. Cornell akafumba macho kama kawaida, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Preben aliona ni mrefu, akafikiri wimbo una beti nyingi. Sauti ya marehemu wakati huo ilikuwa ya kunong'ona, ikipanda na kukatika, na Preben alikuwa akihangaika kuifuata, jicho kwenye sindano ya kipimo cha sauti, mkono kwenye kitufe. Kisha ikaja pumzi, kisha wimbo. Alhamisi akakata, kama alivyokata siku zote. Ijumaa pipa likachukuliwa.

Jumapili, mezani, Cornell alimwambia Inger kwa sauti ile iliyokuwa imebaki siku moja: "Odessa nimeshamwambia."

"Umemwambia nini? Umeandika?"

"Nimesema. Iko kwenye kanda ya Preben, kabla ya wimbo wa mwisho. Yote. Mpelekee nikishaondoka, siyo kabla. Sitaki anijibu, nitakufa kwa woga kabla kitu hiki hakijaniua."

Akamwomba asimwambie mtu, na Inger hakumwambia mtu. Hata angekimbia kwa Preben saa ileile, angekuta pipa tupu.

Aliishi miezi minane na nusu baada ya upasuaji. Aliandika kwenye ubao mdogo wa chaki: chai, dirisha, asante. Saksofoni aliipangusa kila asubuhi, akairudisha kwenye sanduku. Saratani ilirudi Novemba. Mara moja Inger alimuuliza kama angependa kumwandikia Odessa walau salamu, naye akaandika, "Nimeshamaliza," akatabasamu. Wanaouliza kama alikufa akiwa na amani, jibu ni kwamba ndiyo, alikuwa nayo, na amani hiyo ilikuwa imetupwa tangu Mei. Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Februari 1978, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Inger.

Siku hiyohiyo Inger alipiga simu St. Louis. Alimwambia Odessa kwamba baba yake ameacha maneno kwa ajili yake. Odessa alikuwa ameapa kutokanyaga huku. Kwa ajili ya maneno hayo alipanda ndege, akafika Jumatano.

Alhamisi asubuhi waliketi watatu katika kile chumba cha juu, na harufu ya mikate inapanda kutoka chini. Preben alikuwa bado hajui kilichowaleta. Alidhani binti anataka kusikia wimbo wa mwisho wa baba yake. Akaweka kanda. Ikaja pumzi, ikaja saksofoni.

"Rudisha nyuma," Odessa akasema.

Akarudisha. Pumzi, saksofoni.

"Nyuma zaidi. Kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo hakuna kitu, binti."

"Mama huyu ameniambia kipo," akasema, akamgeukia Inger.

Ndipo Inger akaeleza. Preben akatazama chini ya meza, kwenye pipa, kana kwamba miezi tisa ni jana. Odessa alimwona anavyotazama, akaelewa kabla hajaambiwa. Hakupiga kelele. Alisubiri mpaka kanda ikamalizika na ncha yake ikaanza kupiga-piga kwenye mashine.

"Lakini ulikuwepo," akamwambia. "Ulisikia. Nambie neno moja tu. Alilitaja jina langu?"

Preben angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa neno dogo, na hakuna duniani ambaye angemsuta. Alimtazama binti huyu, mwenye kipaji cha uso cha baba yake, akakumbuka karatasi arobaini na moja za mtu aliyekataa kumdanganya mara ya pili.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa naangalia sindano."

Odessa amezichukua zile karatasi. Amesema atazisoma, ingawa ameshaona hazina kitu isipokuwa mvua. Kuhusu Preben hajasema kwamba amesamehe, wala hajaombwa aseme hivyo hapa mbele ya watu.

Marehemu ameacha mjane, Inger Lauridsen Bettis. Binti, Odessa Bettis. Mjukuu wa miaka mitatu, Leland, aliyebaki St. Louis, ambaye marehemu hakuwahi kumwona. Dada, Ruthene, na shemeji, Preben. Ameacha santuri kumi na tatu, na ndani ya zote hakuna sauti yake akisema neno hata moja.

Kitu kimoja kimepatikana. Preben alikuwa na daftari ambamo aliandika urefu wa kila alichorekodi, kabla ya kukata na baada ya kukata. Ukitoa urefu wa pili kwenye ule wa kwanza, kipande kilichotupwa tarehe 12 Mei kilikuwa cha dakika mbili na sekunde arobaini. Odessa ameomba kanda ipigwe sasa, na kabla ya kupigwa tukae kimya kwa muda huohuo kamili. Amesema isichukuliwe kama sala. Ni urefu tu wa kitu ambacho hakuna atakayekisikia tena. Preben atashika saa. Kisha mtasikia pumzi.

Pumzika sasa, Cornell Amos Bettis, kwa amani uliyoondoka nayo. Sisi hatuna ya kukuongezea.