Wazo Nililomgeuzia Mwalimu Tusekile

Mheshimiwa Diwani, uliyefika kabla ya chakula, na hilo peke yake ni la kushukuriwa, Mchungaji wetu, Mwalimu Mkuu na walimu wote wa Shule ya Msingi Ikombelo, ndugu wageni waalikwa, ndugu wageni mliojialika wenyewe mliposikia harufu ya wali, wazazi wa huku na wazazi wa ng'ambo ya mto, na nyinyi watoto mliopanda madirishani mkatuzibia hewa: mwagonile!

Naitwa Asajile. Huu ni mwaka wa kumi na moja nikiwa mwenyekiti wa kamati ya shule hii. Si kwa elimu, maana niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililipenda nikalisoma mara mbili. Ni kwa sababu kila uchaguzi ukifika, watu wenye akili huwa mashambani. Leo nimepewa dakika tano za kumuaga Mwalimu Tusekile. Mwalimu Mkuu amenisihi pale mlangoni, "Mzee, sema mazuri tu, leo usituharibie," akanishika mkono kama anayemshika mbuzi. Mwalimu Mkuu, nakuheshimu. Lakini mbuzi ameshaingia shambani.

Nianze na mazuri, maana yapo. Mwalimu Tusekile amefundisha darasa la kwanza hapa miaka tisa. Nani kati yenu ana mtoto anayesoma jina lake mwenyewe, na mtoto huyo hakupita mikononi mwa mama huyu? Hata mimi nilipita. Mwaka ule macho yangu yaliposumbua, nilidai siwezi kusoma barua za wilaya kwa sababu ya macho. Akanichukua pembeni akaniambia, "Mzee, macho yako mazima. Herufi ndizo zimekukimbia. Njoo Jumatano." Nikaenda Jumatano. Hakumwambia mtu. Leo nawaambia mwenyewe, na mnaocheka najua nyinyi pia barua mnasomewa na wajukuu.

Sasa nisikilizeni, maana mazuri niliyotumwa yameishia hapo.

Walimu wetu walikuwa wamechoka, tusidanganyane. Mwalimu Godlove ana watoto mia moja na kumi na wawili katika chumba kimoja. Miaka miwili iliyopita walikwenda semina ya walimu Wakristo pale Kyela mjini, wakarudi na jambo waliloliita kugeuza wazo. Kila Ijumaa, kabla ya kengele, wanakaa ofisini, wanaomba, kisha kila mmoja anataja wazo baya linalomlemea kazini na mwenzake anamgeuzia. Godlove akasema, "Nawaza kwamba nafundisha ukuta." Wakamgeuzia: "Nafundisha mia na kumi na wawili, na leo wawili wameelewa." Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini baada ya mwezi nikaona Godlove ameweka fimbo juu ya kabati, na mpaka leo iko huko inakula vumbi. Kwa hiyo sikuja kuitukana semina. Dawa ile ilikuwa dawa.

Ila sisi wa bonde hili tunalima kakao. Tunavundika kakao kwenye boksi, tunafunika kwa majani ya migomba, na siku ya pili tunaigeuza, la sivyo haipati harufu yake. Je, punje iliyooza tangu ndani ya ganda tunaigeuza? Ukiigeuza unaupeleka uozo boksi zima. Hiyo unaitoa, unaitupa, na unakwenda kuuangalia mti. Haya mimi nayajua tangu nina meno ya utoto. Na bado Ijumaa ile sikuyajua.

Ijumaa gani? Ijumaa ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka jana. Nilikuwa nimealikwa pale ofisini kama mwenyekiti, na kama mzee wa kanisa, na nadhani kwa sababu nilipita chai ikimiminwa. Ilipofika zamu yake, Mwalimu Tusekile hakuzungumzia mshahara wala vyeo. Alisema hivi, na nayarudia maneno yake kama alivyoyasema: "Kila mvua ikinyesha nakaa dirishani nawahesabu watoto wa ng'ambo wanavyopita kwenye yale magogo. Nawaza kwamba iko siku mmoja hatafika. Nalala nalo, naamka nalo. Sifundishi, nahesabu."

Magogo hayo mnayajua: mawili ya mchikichi, yamelala juu ya mto bila kamba ya kushikia, tangu mafuriko yalipochukua daraja. Barua ya kuomba daraja alishatuandikia kamati mara tatu. Mara tatu nilisema mimi mwenyewe, "Tukishavuna mpunga." Kwa hiyo alipotaja wazo lile mbele ya chai yangu, ndugu zangu, nani alikuwa anashtakiwa? Nikasimama haraka. Nilitaka kuonekana nina hekima, na nilitaka zaidi anyamaze. Nikasema, "Mwalimu, mwanangu, geuza. Sema hivi: Kila asubuhi nawahesabu watoto wa ng'ambo, nashukuru kwa kila aliyefika."

Walipiga makofi! Mchungaji, ulisema amina mara mbili. Mwalimu Mkuu akayaandika kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nyekundu, akayabandika ukutani na jina langu chini. Katika maisha yangu yote hilo ndilo jambo pekee nililowahi kuandikiwa ukutani.

Na yeye akatii. Alituamini, kwa sababu ni mwalimu, na mwalimu huamini kwamba waliokaa mbele wanajua. Barua ya nne hakuiandika. Mwalimu huyu, mtoto wa Matema, aliyezaliwa akisikia ziwa likipiga mawe, alitufundisha kuhusu maji na sisi tukamwambia ni woga. Sisi wa mpunga tunayajua maji ya vifundoni. Yeye anayajua maji ya shingoni.

Wiki nne baadaye, Jumanne, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Watoto wa ng'ambo walikuwa kumi na saba. Akashukuru kwa wa kwanza, akashukuru kwa wa pili, akaendelea hivyo hivyo mpaka kumi na sita. Mstarini wenzake walikuwa wanaimbisha wimbo wa taifa. Yeye alitoka mbio katikati ya wimbo, na Mwalimu Mkuu, nakumbuka, ulikasirika.

Lusungu, binti wa Aliko, darasa la pili. Tulimpata Alhamisi, chini huko kwenye matete, begi bado liko mgongoni. Sitasema zaidi. Aliko amekaa pale mstari wa mbele, amekuja kwa miguu yake, na nimemwomba ruhusa ya kulitaja jina hilo leo.

Sasa nawauliza nyinyi, watu wazima, mnaoimba kwaya. Msibani mlisema nini? Msiangaliane. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na sufuria, nilisikia. Mama mmoja alisema, "Mtoto alitamkiwa kifo." Mwingine akauliza, "Na nani?" Akajibiwa, "Na mwalimu wake wa zamani, Ijumaa, mbele ya mashahidi. Kinywa kinaumba." Neno likatembea kutoka sufuria hadi sufuria. Na mimi, niliyejua lilivyokuwa, nilikuwa natafuna. Nikameza, nikaomba chumvi.

Tangu siku ile mmemfanya nini mwanamke huyu? Darasa lake lilikuwa na watoto sitini na mmoja. Mwezi wa sita wakabaki thelathini na wanane, wengine mmewahamishia shule ya mbali zaidi, na njia ya huko ina mito miwili. Huo ndio werevu wetu. Mzazi mmoja alimfuata mpaka mlangoni pa darasa akamwambia, "Mwalimu, mwanangu usimtaje jina. Na usimuwaze." Basi akaacha kuita majina. Nilipita dirishani nikamwona anaita rejista kwa kidole, ananyoosha kimya, mtoto anajitaja mwenyewe. Mwalimu wa darasa la kwanza, anayeogopa kulitaja jina la mtoto!

Na leo tunamuaga kwa wali na khanga, tunasema ameomba uhamisho kwa sababu za kifamilia. Familia gani? Anarudi Matema kwa sababu yetu. Juzi mwalimu wa huko alimpigia simu Godlove akamuuliza, "Huyo anayekuja, ndiye yule?" Mnasikia? Neno letu limeshapanda basi, limemtangulia kufika.

Wiki iliyopita Aliko alikuja kwangu. Hakukaa. Aliniuliza, "Tata, ni kweli mwalimu alisema kabla?"

Nikasema, "Kweli."

"Alimwambia nani?"

"Alituambia sisi."

"Mkafanya nini?"

Nikasema, "Tuliomba."

Akaniangalia. Akauliza, "Mliomba nini?"

Ndugu wageni waalikwa, mimi ni mtu wa maneno. Mke wangu atawaambia. Lakini swali hilo sikulijibu, na nimekuja kulijibu hapa, mbele ya wale waliosikia uongo. Aliko, tuliomba mwalimu aache kutusumbua. Tukamshukuru Mungu alipoacha.

Mwalimu Tusekile hakumtamkia mtoto. Alibisha hodi. Liko wazo ambalo ni homa ya mwenye kuwaza, hilo ligeuzeni kila Ijumaa, nitakuja na sukari ya chai. Na liko wazo ambalo ni mjumbe, amesimama mlangoni analowa, ana habari. Huyo hageuzwi. Anafunguliwa mlango, na watu wanavaa viatu. Mlikuwa mnatafuta aliyekosea? Mnaye, amesimama hapa na koti la kuazima. Kuanzia leo mtu akiulizwa, "Ndiye yule?" ajibu, "Ndiye yule aliyewaambia, nao hawakusikia." Mheshimiwa Diwani, wewe una sauti kubwa na gari; naomba wewe ulifikishe jibu hilo Matema. Mwalimu Mkuu, karatasi ya manila nimeibandua asubuhi, usimtafute mwizi. Na uenyekiti nauacha leo. Wenye akili, mara hii msiende shambani.

Mwalimu, mwanangu. Tumekupa khanga mbili na sufuria, na hivyo si chochote. Sikuombi unisamehe mbele za watu, maana hapa utalazimika kuitikia, na mimi nimeshakulazimisha mara moja. Nasema tu: nilikukosea. Ulikuwa na haki, na mimi nilikuwa na chai.

Mvua zimeanza tena. Tuliongeza gogo la tatu na kamba. Jana nimepita pale, kamba imelegea, na watoto wa ng'ambo sasa ni ishirini na mmoja. Ratiba inasema baada yangu ni kwaya. Nimeongea na kwaya, watasubiri. Baada yangu ni wewe. Utuambie unachokiwaza kuhusu sisi na kuhusu mto ule, kama kilivyo, kwa ubaya wake wote. Mchungaji hatasema amina kabla hujamaliza. Hakuna atakayepiga makofi. Na ukishamaliza, wanaume wote tulio humu hatukai kwenye sahani, tunakwenda mtoni. Mapanga nimeshayapanga nyuma ya jengo, na mbao zipo. Wali utapoa. Na upoe.

Ndaga fijo. Asanteni kwa kunivumilia mimi. Sasa nyamazeni, mwalimu anasema.