Dizeli Aliyonyimwa Mzee Mwigulu

Fahim, na wewe Gulnaz, sogezeni viti, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Daktari alivyosema mmesikia. Msinililie hapa, mimi mwenyewe tangu tumzike kaka yenu Imtiaz sijalia, nimekuwa kama mkono uliolaliwa, upo lakini si wako.

Mali haina maneno mengi. Nyumba na duka la vifaa vya uchimbaji hapa Shinyanga vigawanywe kama dini inavyosema, shehe anajua. Ninachowausia ni machimbo ya kule Buseresere na watu wake, kwa sababu sasa Fahim ndiye utakayeyaongoza, na unataka kuyaongoza kwa hasira.

Mnakumbuka palivyokuwa. Duara letu, shimo letu la kuchimbia, limepakana na duara la Mzee Mwigulu, na vijana wa pampu za kutoa maji wa pande zote mbili walikuwa wakiazimana dizeli, mipira ya maji, hata fundi, bila kumuuliza mtu. Dizeli ikaanza kuibwa. Imtiaz akaweka amri kwamba asitoe mtu dizeli nje ya uzio mpaka apige simu ofisini apate ruhusa. Haikuwa amri mbaya. Wizi ulikoma, sote tukamsifu.

Kisha ikaja ile mvua. Pampu ya Mzee Mwigulu ikaishiwa dizeli, barabara imekatika, akaja mwenyewe kwa Athanas, msimamizi wa pampu yetu, kuomba dumu moja. Athanas akapiga simu, mtandao hakuna, akapanda juu ya kichuguu akapiga tena, hakuna, akamwambia mzee, "Nimeambiwa nisitoe." Pampu ya jirani ikazimika, duara lake likajaa, maji yakapasua mwamba yakaingia kwetu, na Imtiaz alikuwa chini akikagua magogo yanayoshikilia kuta. Wachimbaji aliokuwa nao aliwatanguliza ngazini. Yeye hakuwahi.

Fahim, ulisema Athanas angetumia akili. Mwanangu, muda mfupi kabla ya mvua ile Edward, kijana wetu wa pampu, alitumia akili, akampa jirani dizeli bila ruhusa, wewe na marehemu mkamfukuza mbele ya wenzake, na Athanas alikuwa amesimama palepale anatazama. Ulitaka ajifunze nini? Nimelala kitandani hapa nikimtafuta mwenye kosa, maana nami nilimtaka, nimpate, nimchukie, nipumzike. Nikamfikiria Athanas, nikamfikiria Mwigulu, nikamfikiria marehemu mwenyewe. Kila mmoja alifanya jambo la maana pale aliposimama. Kilichomuua ndugu yenu hakikuwa ndani ya mtu yeyote, kilikuwa katikati yao, pale walipokuwa wameshikana na sisi tukawaachanisha kwa nia njema.

Na wewe baada ya pale ukamfukuza Athanas, ukampeleka polisi, nao wakamwachia kwa kukosa la kumshtaki. Tangu hapo ukiwauliza wafanyakazi hali ikoje, wanakujibu, "Shwari, bosi." Umeongeza kamera, nao wameongeza kunyamaza. Mzee Mwigulu alipokuja kunijulia hali ndipo nikasikia kwamba ukuta wa duara letu wa upande wa mashariki unavuja tena, na vijana wote wanajua, ila wanaogopa kwamba atakayesema ndiye atakayelaumiwa.

Basi asishuke mtu upande ule mpaka ukaguliwe. Kisha wakusanye vijana wetu na wa Mwigulu, wale chakula pamoja, wapange wenyewe watakavyosaidiana mvua ikinyesha, na wewe ukae usikilize. Weka amri chache. Kila ukiweka moja, nenda ukaone imezaa nini, maana itazaa na usilolitegemea, na ukiliona ubadilishe bila kuona aibu. Gulnaz, mkumbushe, hata akikukasirikia.

Mama Wema, mkewe Athanas, alikuja msibani na hotpoti ya wali, ukaagiza geti lisifunguliwe. Nilimwona kupitia dirisha, akaiweka chini akaondoka. Sikuhisi kitu. Hata sasa sihisi, ila najua haikuwa sawa.

Mimi nimewaridhia wote wawili, radhi kamili, mbele ya Mwenyezi Mungu. Awape riziki ya halali, awape na masikio. Mnizike karibu na Imtiaz, na Athanas akija kuzika msimzuie.

Gulnaz... maji kidogo. Imetosha. Miguu siisikii tena.

Fahim, toa simu. Namba ya Athanas unayo, najua hukuifuta. Mpigie sasa, ningali nasikia. Mwambie arudi... hapana, usimwambie arudi, hilo ataamua yeye. Mwambie kuhusu ukuta, umwombe ushauri.

Inaita?

Basi msalimie kwanza, baba. Msalimie kwanza.