Marion Kageha, Mpishi wa Bia wa Buruburu

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Buruburu na wageni mliotoka mbali, familia imenituma mimi Sylvance, shemeji yake, niwasomee maisha ya dada yetu, na kwa kuwa mwenyewe hakuwahi kuvumilia mkutano wa watu walionuna, atakayeshikwa na kicheko mahali fulani asijizuie.

Marehemu Marion Kageha alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 huko Chavakali, kifungua mimba wa Mzee Job Luseno, aliyekuwa fundi wa mabehewa ya reli na ambaye leo ni mzee wa kanisa tunayemheshimu sote, na Mama Annah, aliyetutangulia mwaka wa 1986. Alianza shule ya msingi kijijini mwaka wa 1961, akamaliza sekondari mwaka wa 1973, kisha akasomea ualimu wa kemia, na mnamo Januari 1977 akaanza kufundisha katika shule moja ya upili hapa Eastlands, ambako wanafunzi wake, na naona baadhi yenu mmekuja na watoto, watakumbuka sauti yake ikisikika mpaka darasa la tatu kutoka hapo.

Tarehe 19 Agosti 1978 alifunga ndoa na kaka yangu Dishon, karani wa baraza la jiji, wakajaliwa mabinti wawili, Triza aliyezaliwa mwaka wa 1979 na Roseline aliyezaliwa mwaka wa 1983.

Mnamo Juni 1991 aliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kutazama kiwanda cha bia, akauliza maswali mpaka watoto wa watu wakakosa chakula cha mchana, naye mpishi mkuu akamwambia kwa utani kwamba mwalimu wa namna hii afadhali ahamie huku huku, na Marion, ambaye utani kama huo haukumpita hivi hivi, akaomba kazi. Januari 1992, akiwa na miaka thelathini na saba, alianza uanagenzi pamoja na vijana ambao angeweza kuwasahihishia mitihani, akavaa gambuti, akasugua matangi, akajifunza kuotesha shayiri mpaka iwe kimea, kuichemsha, kutia hamira na kuwa na subira, na jioni alirudi nyumbani akinukia uji, akiimba.

Mzee Job hakuimba. Kwake pombe ilikuwa pombe, hata ipikwe na mtoto wake wa kumzaa, akatangaza kwamba hatakanyaga nyumba ya Marion mpaka arudi darasani, neno zito kwa mtu aliyekuwa akipita hapo kila Jumapili baada ya ibada kula kuku. Sasa kwetu, kama mjuavyo, firigisi ni ya mwanamume mkubwa kuliko wote mezani, na Marion hakubishana na baba yake hata siku moja, alichofanya ni kuendelea kumwekea firigisi yake kila Jumapili, Dishon akakatazwa kuigusa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na friji ikajaa firigisi.

Kikaja kiangazi cha mwaka wa 1994, nyasi zikakauka kule Lucky Summer anakoishi Mzee, ng'ombe wake wawili wakakonda, naye akauziwa chakula chenye majimaji kiitwacho machicha, akidhani ni makapi ya kiwanda cha unga. Ng'ombe wakafurika maziwa, chai ya kanisani ikawa nzito, na Mzee akasimama kutoa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyombariki kwa machicha, ndipo Mama Beldina, akiwa kiti cha nyuma na kwa heshima zote, akamuuliza, "Mzee, hayo machicha si ndiyo mabaki ya bia ya Marion?" Ibada ilichelewa kuendelea, kwa sababu mchungaji naye alikuwa amekunywa vikombe viwili.

Jumapili iliyofuata Mzee alibisha hodi Buruburu na mtungi wa maziwa, akaketi, akauliza firigisi yake iko wapi, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha lolote. Hata hivyo, kila alipoulizwa binti yake anafanya kazi gani, hata baada ya Machi 1996 Marion alipofuzu na kukabidhiwa zamu yake mwenyewe ya kupika, Mzee alijibu kwamba ni mwalimu. Jambo hilo lilimuuma Marion, yeye aliyecheka karibu kila kitu, na alimwambia mke wangu Maurine kwamba angetaka, mara moja tu, kumsikia baba yake akiitaja kazi yake kwa jina lake.

Moyo ulianza kumsumbua mnamo Februari 1998, akalazwa tarehe 6 Julai, na muuguzi alipouliza mgonjwa anafanya kazi gani, sote tuliokuwa pale tulitazama sakafu, naye Mzee akajibu kwa ile sauti yake ya kuongoza maombi, "Andika mpishi wa bia, tena fundi." Wodi nzima iligeuka, Marion akacheka mpaka muuguzi akamsihi auhurumie moyo wake, akaushika mkono wa baba yake, na hakuuachia mpaka tulipoambiwa muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Alifariki alfajiri ya tarehe 19 Julai 1998.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi matangani, kanisa zima, na wenzake wa kiwandani, ambao naona mmeketi kule karibu na mlango kama watu wasio na hakika kama wamealikwa. Kwa desturi ya kanisa letu jeneza la mtoto wa mzee wa kanisa hubebwa na wazee wenzake, lakini Mzee Job ameniagiza niwaombe ninyi, wapishi wa bia, mje mbele mlibebe, naye atawatangulia kuwaonyesha njia. Lala kwa amani, dada yetu Marion.