Mvua Isiyonyesha Jumapili

Benchi letu liko nje ya geti la chuo cha kilimo, pale barabara inapoteremka kuelekea Bahati. Ni mbao mbili juu ya mawe manne, na mbele yake jiko la Shiko lenye birika la kahawa ya tangawizi. Mimi wananiita Digrii, kwa sababu niliacha shule form two na bado najua kuliko wote hapo. Sijisifu, nasema tu vile iko. Levis wa pikipiki tunamwita Waziri, maana kila mtu anayembeba ni mkubwa fulani na lazima amwachie siri ya serikali. Zeddy anachora mabango, na suruali yake ina rangi ya kila duka la Bahati. Halafu kuna Mzee Bethwel Kipketer, Mzee Milimita, aliyekuwa akisoma kipima mvua cha chuo tangu themanini na moja hadi walipoleta mashine elfu mbili na kumi na mbili. Alistaafu, akajiwekea kipima mvua chake nyuma ya nyumba. Kila asubuhi saa tatu na robo anafika kijiweni, na kabla hajasalimia mtu anatoa namba.

Jumatatu hiyo alifika, akavua kofia.

— Thelathini na moja nukta nne.

— Asante mzee, Shiko akasema, akammiminia.

Hatukushtuka. Namba za Mzee ni kama jogoo, ukizizoea huzisikii.

Kwa ukuta wa kibanda cha Shiko kulikuwa na bango la Zeddy likikauka. Maandishi meupe kwa kijani: KITUO CHA HALI YA HEWA CHA BETHWEL KIPKETER. Chini yake, kwa herufi nyekundu: MIAKA 31 BILA KUKOSA SIKU MOJA. Lilikuwa litundikwe Ijumaa nyumbani kwa Mzee. Watoto wa Mzee walikuwa wanakuja kutoka Eldoret, na kwaya yake ilikuwa na nyimbo mbili tayari. Mzee alikaa akiliangalia bango vile mtu huangalia picha yake ya harusi.

Sasa, mimi nilikuwa na habari. Kwa wiki mbili nilikuwa na kibarua chuoni, kutoa madaftari ya zamani stoo na kuyapeleka kwa Cheruto, msichana wa rekodi, anayeyaingiza kwa kompyuta. Historia ya kilimo ya nchi hii niliibeba kwa mgongo wangu na haikunishinda. Kuna daftari la ng'ombe anaitwa Duchess, alitoa lita ishirini na tatu kwa siku moja mwaka wa sabini na moja. Kuna mwanafunzi alifukuzwa kwa kupika viazi vya majaribio. Alivila na chumvi, imeandikwa. Na kuna yale makubwa ya mvua, thelathini na moja, kila mwaka na lake, mwandiko mmoja.

— Cheruto amepata kitu kwa madaftari ya mvua, nikasema.

— Amepata panya, akasema Levis.

— Amepata kwamba hapa Jumapili hainyeshi.

— Jumapili gani?

— Zote, Waziri. Miaka thelathini na moja, kila Jumapili ni sifuri. Masika, vuli, hata ule mwaka wa El Nino. Na Jumatatu inanyesha karibu mara mbili ya siku ingine yoyote.

Zeddy aliweka kikombe chini. Mzee hakuweka chake popote.

— Na hiyo ni shida? akauliza Shiko.

— Ni shida mbaya. Saa sita leo Cheruto anapeleka ripoti. Akipata mtu wa kumweleza Jumapili zilienda wapi, atarekebisha na madaftari yatatumika. Asipopata, anayaandika yote kwamba hayategemeki, mimi nayarudisha stoo, na panya wanaendelea na masomo.

— Yote thelathini na moja? akauliza Mzee.

— Yote, mzee. Si alikuuliza Ijumaa iliyopita? Ulimwambia nini?

— Nilimwambia mvua ina mambo yake.

— Basi hiyo hakuandika.

Levis akajinyoosha, na tukajua siri ya serikali iko njiani.

— Hiyo kitu ni rahisi, akasema. Kuna mzee fulani nilimbeba toka Mau Narok, mkubwa kabisa, sitamtaja. Aliniambia wale wenye mashamba makubwa ya ngano walikuwa na ndege za kunyunyiza dawa. Jumapili ndege zinapumzika, si ndio? Kumbe hazipumziki. Zilikuwa zinasukuma mawingu.

— Zinasukuma na nini? akauliza Shiko.

— Na upepo wa ile feni yake ya mbele. Ngano haitaki maji ikikaribia kuvunwa.

— Ngano inavunwa kila Jumapili, Waziri?

— Mimi nakuambia vile niliambiwa. Ungetaka mengine ungembeba wewe.

Zeddy akatikisa kichwa kwa huruma.

— Levis, wewe unabeba watu lakini wanakuacha hapo hapo. Hii ni mambo ya chuo. Chuo ni cha serikali. Kila kitu ya serikali kinafunga wikendi. Ukienda kutafuta kitambulisho Jumapili utapata? Basi hata mvua ya chuo ilikuwa na ratiba ya ofisi. Jumatatu inarudi kazini imejaza, kama meza ya karani.

— Jumamosi je? nikamuuliza. Jumamosi ilinyesha vizuri tu.

— Hiyo ni overtime.

Shiko alicheka mpaka akamwaga kahawa kwa makaa. Lakini naye alikuwa na yake. Kwa maoni yake ni maombi. Kuna makanisa manane kati ya hapa na Bahati, na kila moja lina kina mama waliotengeneza nywele Jumamosi.

— Mama mmoja akiomba nywele zisinyeshewe, Mungu anaweza kusahau, akasema. Mia nne wakiomba asubuhi moja, mvua itapitia wapi?

— Na wanaume hawaombi mvua ya mahindi?

— Wanaomba, lakini wanaanza wakichelewa.

Hapo niliona wananiachia kazi. Mtu akisoma sana anapotea, ndio maana mimi nilitoka mapema. Nikawaambia waangalie upande wa Gilgil. Kuna nini huko? Kikopey. Siku gani watu wanajaa Kikopey kula nyama? Jumapili. Mbuzi mia mbili kwa moto kwa wakati mmoja. Moshi unapanda, ni wa mafuta, na mafuta na maji hata mtoto wa nursery anajua hayachanganyiki. Wingu likifika linateleza kama yai kwa sufuria, linaenda kukaa juu ya mlima wa Menengai likingoja. Jumatatu Kikopey wanaosha grili, moshi hakuna, wingu linaanguka na maji yote ya siku mbili.

Nilijua nimewamaliza.

— Digrii, akasema Zeddy polepole, hiyo hata mimi naiamini kidogo.

— Ni sayansi. Nitampelekea Cheruto kabla ya saa sita.

— Mpelekee, akasema Levis. Ukirudi umefutwa kazi nitakubeba.

Mzee tulikuwa tumemwacha kando. Yeye ndiye aliyezisoma hizo namba, yeye ndiye tulipaswa kumuuliza tena, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka. Alikuwa anazungusha kikombe kwa vidole, kahawa imepoa, macho kwa bango. Mimi nilidhani anafurahia.

Ndipo mama mmoja akavuka barabara kutoka getini, gunia tupu limekunjwa kwapani, akaomba kahawa. Alisema anaitwa Chepkemei, amekuja kuchukua mbegu ya viazi hapo chuoni na ameambiwa angoje mwenye ufunguo. Analima juu Mau Narok, lakini tangu Jumamosi amelala kwa dada yake hapa Bahati. Shiko akamsogezea nafasi, na Levis, ambaye hawezi kuona mgeni bila kumfundisha, akamweleza habari yote: madaftari, Jumapili, ndege, nywele, Kikopey.

Mama alisikiliza akipuliza kikombe chake.

— Hayo madaftari ndiyo walitumia kututengenezea ratiba ya kupanda, akasema. Yakitupwa tutapanda na nini?

— Mama, ngoja tumalize utafiti, nikamwambia. Na huyu hapa ndiye bingwa mwenyewe. Mzee, mpe ya leo.

Mzee alikohoa.

— Thelathini na moja nukta nne.

— Ya leo?

— Ya leo.

Chepkemei akaangalia barabara. Kulikuwa na vumbi hadi kwa majani ya ua.

— Lakini jana hapa haikunyesha, akasema. Nilianika nguo za dada tangu asubuhi mpaka jioni. Na usiku haikunyesha. Hiyo mvua ni ya siku gani?

Levis, mwenye jibu hata la swali ambalo halijaulizwa, akaanza kuchunguza tairi lake. Zeddy akaangalia juu. Ukweli ni kwamba miaka hiyo yote tunasikia namba ya Jumatatu, na hakuna aliyewahi kuinua kichwa kuona kama ilinyesha.

— Ni ya juzi, akasema Mzee. Jumamosi jioni ilinyesha sana.

— Sasa mbona isisomwe jana?

— Jana nilikuwa kanisani.

Shiko akaketi kwa ndoo yake.

— Kila Jumapili, mzee?

— Mazoezi ya kwaya ni saa mbili. Mimi ndiye mwalimu wa kwaya. Kipima mvua ni saa tatu. Na kutoka hapa hadi kanisani ni mwendo.

— Si ungesoma saa moja u nusu ukienda? nikamuuliza.

Aliniangalia kama nimetukana mama yake.

— Saa moja u nusu si saa tatu. Kusoma kabla ya saa ni kudanganya.

— Na kuandika sifuri?

Alimwaga kahawa iliyopoa kwa nyasi, kidogo kidogo.

— Bosi wangu wa kwanza alisema hataki kuona kisanduku kimebaki tupu kwa karatasi, hata kimoja. Mimi nilikuwa kijana, nilikuwa nataka hiyo kazi. Jumapili ya kwanza niliweka sifuri nikasema nitamweleza. Ya pili nikaona hakuuliza. Ikaendelea.

— Lakini mzee, akasema Chepkemei kwa upole, sifuri ni kusema haikunyesha.

— Najua, mama. Jumapili haikuwa sifuri. Jumapili hakukuwa na mtu.

Lori la kabichi likapita likielekea mjini. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani, na hesabu si adui yangu. Akienda kwa Cheruto, madaftari yanapona, kwa sababu Jumatatu itaandikwa kama mvua ya siku mbili. Asipoenda, bango linabaki lilivyo, watoto wanakuja Ijumaa, wanapiga picha, na hakuna atakayejua isipokuwa sisi watano, na sisi hatuaminiki. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilikuwa na maneno mazuri kabisa.

— Zeddy, akasema Mzee. Ile mstari ya mwisho.

— Imekauka, mzee. Tena ndiyo imetoka vizuri kuliko zote.

— Ifute.

— Mzee, hata wengine, si wanaweka tu? Mabango yote yako hivyo. Kuna hoteli nimewaandikia maji moto saa ishirini na nne, na hawana hata bomba.

— Ifute, Zeddy.

Akamnyooshea Shiko kikombe. Shiko akainamisha birika, likatoa machicha na kipande cha tangawizi.

— Imeisha, mzee. Nichemshe ingine?

— Saa ngapi?

— Saa tano kasoro dakika kumi, akasema Levis. Panda nikupeleke.

— Ni hapo tu. Nitatembea.

Nilienda naye, kwa sababu mlango wa ofisi ya Cheruto unakwama na mimi ndiye najua pa kuusukuma. Njia nzima kutoka getini hadi huko sikusema neno, na hilo mnaweza kuliandika kwa daftari. Cheruto alimsikiliza bila kumkatiza. Hakumgombeza, hakumpongeza. Alimwomba aandike maelezo kwa karatasi na kuweka sahihi, na mwandiko ulikuwa ule ule wa madaftari. Kisha akafungua mwaka wa themanini na moja kwenye kompyuta, akafuta sifuri ya kwanza, akaweka kistari. Mzee akauliza kama anaweza kukaa aone. Zilikuwa sifuri elfu moja mia sita na kitu. Alikaa mpaka saa nane.

Ijumaa bango lilitundikwa. Watoto walikuja, kwaya iliimba zote mbili. Zeddy alikuwa amepaka kijani juu ya ule mstari mwekundu, lakini alipaka mara moja tu, na asubuhi jua likiligonga kutoka upande bado unausoma chini ya rangi. Anasema atarudia. Simwamini.

Jumatatu iliyofuata saa tatu na robo tulikuwa kwa benchi, wote, na siku hiyo tulikuwa tunasikiliza. Mzee alifika, akavua kofia.

— Jana, sita nukta mbili. Leo, hakuna.

Shiko akamimina, akamwangalia.

— Na kwaya?

— Nilisoma saa tatu, nikawafikia wakiwa wimbo wa tatu, akasema Mzee. Walikuwa wameanza kwa sauti ya juu sana.