Joho la Wafalme Watatu

Fundi bomba alikuwa anakwenda kwa bosi kumchongea kaka yake, aliyepewa usimamizi ambao yeye aliutolea macho kwa miaka, na ambaye leo alikuwa na kazi ya kupandisha tangi la maji juu ya paa. Ndani ya basi alikuwa akiyapanga maneno, lakini mama wa kiti cha mbele alikuwa anashona joho jekundu mapajani, na abiria aliyekaa pembeni ya mama huyo hakuweza kunyamaza.

"Mbona unalipiga bandi tu, dada? Si litafumuka?"

"Na lifumuke. Ni la mchezo wa jukwaani. Mfalme akiuawa, muuaji analivaa. Roho inamsuta, hali chakula wala halali usingizi, basi naongeza upana ili aonekane amekonda. Halafu mwana wa marehemu analipiza kisasi, analivaa yeye, nafumua tena. Halijamkaa mtu bado."

"Huyo kijana angesamehe tu."

"Na waliolipa kiingilio watazame nini?"

"Wamtazame akizeeka."

Walikuwa wangali wakibishana basi liliposimama mbele ya ofisi ya bosi. Kondakta akamuuliza fundi bomba kama hashuki.

"Bado," akasema, akatoa simu na kumpigia kaka yake. "Kaka, usilipandishe lile tangi peke yako. Nakuja."