Kilo Zangu na Mizani ya Mama

Wapendwa, nimewaamkia nyote. Mama mwenyekiti amenipa dakika kumi na tayari ameangalia saa, kwa hiyo sitaanza na wimbo. Leo tuna akina mama wenzetu wa Kakamega, basi nitaacha Kijaluo, niseme Kiswahili changu hiki cha Kondele. Mkitaka kunicheka, chekeni polepole.

Wengi mnanijua kama mwalimu wa taipu, yule anayefundisha wasichana taekwondo hapa ukumbini Jumamosi. Mnapita mlangoni mnasema, huyu mama mateke hayajamwisha tu. Leo nitawaambia mateke hayo yalinigharimu nini. Na nawaambia mapema, si ushuhuda mtamu. Kama ulikuja kusikia mtu aliyeshinda akapewa kikombe, subiri mwenzangu anayefuata.

Mimi ni wa Port Victoria. Mama yangu alinunua samaki kwa wavuvi pale ufuoni, miaka ile ya themanini mbuta walipokuwa wakubwa kama watoto wa shule. Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, yenye ndoana chini na mshale mbele. Mvuvi anatundika mbuta wake, mama anasoma, wanamalizana. Nilisomeshwa na mizani hiyo. Nilipomaliza kidato cha nne nikaletwa huku Kisumu kwa shangazi, nijifunze taipu. Jioni moja nikachungulia ukumbini, nikaona wasichana wamevaa meupe wanarusha miguu juu ya vichwa vyao. Ndugu zangu, nawaambia, niliingia na sikutoka. Shangazi alilia kuwa nimevaa suruali. Mimi nilikuwa nimeshapata kitu changu.

Mwaka wa nne wa mazoezi kocha akaniambia, "Dada, wewe uko tayari." Nairobi walikuwa wanachagua timu ya kwenda nje ya nchi. Kundi langu lilikuwa la uzito wa chini ya kilo hamsini na moja. Ukizidi, hupigani, hata uwe na miguu ya moto. Chuo kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo wiki sita za mwisho nilikwenda nyumbani. Kocha akanishika bega: "Jipime kila asubuhi. Usikadirie."

Nikajipima. Kwa mizani gani? Nyumbani ilikuwa moja tu, ile ya mama.

Kila asubuhi nikitoka kukimbia napita ufuoni, nashika ndoana kwa mikono miwili, nainua miguu, naning'inia. Wavuvi walifurahi kweli, wakiniita binti wa Mama: "Nyar Mama, leo wewe ni mbuta wa kilo ngapi?" Mmoja anasoma mshale kwa sauti: hamsini na tatu! Wiki ijayo, hamsini na mbili! Niliacha ugali. Niliacha chai ya maziwa. Nilikunywa mchuzi wa samaki bila samaki. Siku ya mwisho mshale ukasema hamsini kamili, na wale wanaume wakanipigia makofi. Mama alikuwa amesimama pale pale, kisu mkononi. Aliniangalia, akainama, akaendelea kupasua samaki. Nilidhani ni machozi ya furaha anaficha.

Nairobi nikapanda kwenye mizani yao nikitabasamu. Hamsini na nne na nusu.

Nikashuka, nikapanda tena. Hamsini na nne na nusu. Wakanipa saa moja. Nilivaa koti la kocha nikakimbia kuzunguka jengo, natema mate, nalia, natema tena. Nani anapunguza kilo tatu na nusu kwa saa moja? Niliporudi yule mzee wa mezani akatikisa kichwa tu. Hapo nikafungua mdomo. Nikamwambia mizani yake ni ya wezi. Nikamwambia wanatufanyia hivi kwa sababu tumetoka ziwani. Halafu, Mungu anisamehe, nikaipiga mizani teke la nguvu zangu zote, ikaanguka mbele ya watu. Wakanifungia mwaka mzima. Nafasi yangu ilikwenda kwa msichana niliyekuwa nimemshinda mara mbili.

Nilirudi nyumbani nikiwalaani wote wa Nairobi. Kocha ndiye aliyeniuliza swali moja tu kabla hatujaachana: "Ile mizani ya nyumbani, wewe uliipima na nini?"

Nilikasirika. Lakini neno lile halikutoka kichwani. Asubuhi iliyofuata nikachukua dukani beli la unga, paketi kumi na mbili za kilo mbili mbili, halijafunguliwa. Kilo ishirini na nne, mtoto wa darasa la tatu anajua. Nikalibeba kichwani hadi ufuoni, mitumbwi ikiwa imejaa pale, nikalitundika kwenye ndoana.

Ishirini na mbili.

Wavuvi walianza kuhesabu paketi kwa vidole. Ndani ya mizani kulikuwa na springi ya pili. Mama aliwekewa na fundi miaka mingi nyuma, na kila mbuta aliyepita pale aliacha kipande chake. Mzee mmoja wa mitumbwi akaifungua mizani kutoka kwenye boriti, taratibu kabisa, akatembea nayo majini mpaka kiunoni, akaiacha huko. Hakuna aliyemtukana mama. Lakini tangu siku hiyo hakuna mtumbwi uliosimama kwake tena.

Nyumbani nikamuuliza, "Mama, uliniona naning'inia wiki sita. Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Wavuvi walikuwa wamesimama pale, nyathina, mwanangu. Ningesema nini?"

"Na hapa nyumbani je? Hapa kulikuwa na mvuvi gani?"

Mpaka leo sijapata jibu la swali hilo, na msinishauri niache kulitaka.

Mama alihamia hapa Kondele akawa anakaanga samaki kando ya barabara. Mimi nilikuwa naishi mitaa miwili kutoka kwake, na kwa miaka miwili hatukusalimiana. Kifungo changu kiliisha, sikurudi ukumbini. Nilikaa kwenye tapureta, nikanenepa kwa hasira. Ukiniuliza habari, nakujibu kama umeniibia. Ninyi mliokuwa hapa mnakumbuka, msijifanye.

Siku moja kocha akaja ofisini, akakaa bila kukaribishwa. "Umeipiga teke mizani," akasema. "Ukampiga teke mama yako mbele ya ufuo mzima. Mpinzani bado hujampiga hata mmoja." Akaondoka. Nilimchukia wiki nzima. Jumatatu nikarudi ukumbini, nikaanza na wasichana wadogo mstari wa nyuma, magoti yakilia.

Ikatangazwa tena kuwa wanachagua timu. Mchana mmoja nainua macho kwenye tapureta, namwona mama mlangoni na aproni yake ya mafuta. Sijui nani alimwambia. Akasema neno moja: "Twende."

Sijui kwa nini nilimfuata. Tulitembea mpaka duka la Mhindi mmoja wa vifaa vya ujenzi, lenye mizani ile ya chini ya kupimia magunia. Mama akamwomba kwanza aweke juu yake mfuko wa saruji uliofungwa. Akainama, akasoma mwenyewe, akaniita nisome na mimi. Hamsini, kamili. Akamwomba aushushe. Ndipo akaniambia, "Panda."

Nikapanda. Alishika viatu vyangu mkononi.

"Hamsini na tatu na robo," akasema kwa sauti, duka zima likisikia. "Umezidi, nyathina. Umezidi sana."

Wapendwa, nilisimama juu ya mizani ile nikalia kama mtoto. Miaka miwili nilikuwa nangoja aniambie hivyo.

Tulirudi kila Jumatano, na kila Jumatano saruji ilipanda kwanza. Nairobi nilipima hamsini na nusu. Nilishinda mapambano mawili. La tatu nikapigwa na msichana wa miaka kumi na minane, mwepesi, aliyenipiga kichwani kabla sijajua mguu umetoka wapi. Nilikuwa nimechelewa, basi. Ile miaka niliyopoteza ndiyo iliyokuwa miaka yangu. Mpaka leo sijapanda ndege, na ikipita juu ya ziwa siinui macho.

Namshukuru kocha wangu, ambaye sasa tunamwombea tu. Namshukuru yule mwenye duka, aliyenyanyua saruji kila wiki bila kuuliza. Na nyinyi mnaowalea watoto, mwambieni mtoto ukweli wake mapema, hata kama majirani wamesimama. Atalia siku moja tu. Ukweli wangu ulicheleweshwa, bado naulilia.

Wengine mtaniuliza, umemsamehe? Kuna siku nimemsamehe, na kuna siku namwona anapasua samaki na kisu kile, moyo unafunga. Lakini tunakula meza moja. Amekaa pale mstari wa tatu, mwenye kitambaa cha buluu, msigeuke wote. Jana nilimwomba ruhusa ya kuwasimulia haya. Akasema, "Waambie. Na ya beli la unga uwaambie. Ila kilo zitaje kama zilivyokuwa."

Nimezitaja, mama.